Sweta la Leonidas

Heredia, Kosta Rika
9 Januari 2005

Wifi yangu Yadira,

Hamjambo huko Palo Ralo? Mimi mzima, ila mgongo unaniuma kwa kuinamia sakafu za bosi wangu, mama anayeona vumbi hata pasipo na vumbi. Barua yako kuhusu mdogo wangu niliisoma jikoni nimesimama, maziwa yakafurika jikoni kote, nikagombezwa kama mtoto. Hayo tuyaache.

Nimekwenda kuzungumza na mfamasia wa hapa, mama mwenye subira. Nimemweleza kwamba Leonidas ana kreatinini, ule ugonjwa wa figo, kama wakata miwa wote wa kwetu, kwamba kiwanda cha sukari kilimpima kikamrudisha nyumbani, na sasa damu imeshuka hadi saba na anahema kutoka kitandani hadi mlangoni. Akanifahamisha. Kumbe kazi ya figo si mkojo tu. Figo ndilo linaloiagiza mifupa itengeneze damu. Likichoka, agizo haliendi, na mifupa inakaa tu kama vibarua waliokosa msimamizi. Kwa hiyo mwambie mama aache kumlazimisha mwanawe kunywa maji ya bitiruti na mayai mabichi. Damu yake haikupotea kwa njaa.

Kwa mzee Chepe wa basi utapokea kisanduku cha sindano, zina dawa tayari ndani. Moja kila Jumapili, chini ya ngozi ya tumbo, nesi akuonyeshe. Dawa hii ndiyo agizo lenyewe, badala ya figo. Na sikiliza, maana najua unavyosoma barua zangu huku unageuza mikate: dawa inataka baridi. Ikipata joto imekufa. Baridi, Yadira, baridi! Usinifanyie mchezo hapo. Ulipopokea friji langu Krismasi ya mwaka juzi ulinung'unika kwamba linakula umeme. Leo nani mwerevu?

Mpige Leonidas kofi la upendo kwa niaba yangu.

Wifi yako mkorofi,
Auxiliadora


Palo Ralo, Chinandega
30 Januari 2005

Wifi mkorofi,

Sindano zimefika. Mzee Chepe alizipakata safari nzima, akazikabidhi kama anakabidhi kichanga. Ziko salama ndani ya friji lile lile ulilotuletea, na baridi zinaipata ya kutosha, ondoa shaka.

Nesi Orlando alinifundisha kuchoma kwa kutumia chungwa. Chungwa halikulalamika. Ndugu yako alilalamika kabla sindano haijamgusa, akasema mimi nina mkono wa kuchoma ng'ombe. Tumeshachoma mara tatu.

Unakumbuka lile sweta la kijani ulilomletea kutoka huko milimani kwenu? Tulicheka siku ile mpaka mama akashika mbavu, maana nani anavaa sweta Palo Ralo, ambako saa tatu asubuhi kuku wameshaacha midomo wazi kwa joto? Sasa halimtoki mwilini. Anakaa juani nalo, mikono kwapani, na watoto wanamwita Mtalii. Anacheka nao. Akiingia ndani anaacha kucheka. Kucha zake nyeupe, ufizi mweupe, damu bado saba. Bitiruti nimemwambia mama, akanijibu kwamba yeye amelea watoto saba bila mfamasia. Kila kitu humu ndani kimekuwa chekundu, wifi, vikombe, shuka, vidole vya mama, isipokuwa yeye.

Ninaogopa. Rufino, mwenzake wa kukata miwa, tuliyemzika mwezi wa kumi, naye alipata sindano kama hizi kliniki, na hazikumsaidia kitu. Sijamwambia Leonidas kwamba ninafikiria hivyo. Wewe nakuambia.

Yadira


Heredia
24 Februari 2005

Wifi,

Kisanduku cha pili hicho. Yule mama mfamasia alikunja uso nilipomwambia kwamba damu bado ni saba. Anasema hadi sasa ilipaswa kuanza kupanda, hata kidogo. Akaniuliza maswali, nami nakuuliza kama alivyoniuliza. Je, unamchoma kila wiki kweli? Hakuna Jumapili iliyokupita kwa sababu ya misa au sherehe ya mtu? Umeme unakatika? Friji linafanya kazi?

Usinune. Nakujua, ukinuna unaandika barua ya mistari miwili. Niko mbali, nasugua vyoo vya watu, na ndugu yangu ananyauka mahali nisipomwona. Mtu wa mbali anauliza.

Na hayo ya Rufino yatoe kichwani. Rufino alikuwa mlevi.

Auxiliadora


Palo Ralo
11 Machi 2005

Auxiliadora,

Rufino hakuwa mlevi. Alikunywa siku ya malipo tu, kama kaka zako wote.

Namchoma kila Jumapili. Friji linafanya kazi. Umeme ukikatika haukai sana. Nimekujibu yote.

Damu sasa ni sita. Juzi alitaka kuwamwagia kuku mahindi, akafika katikati ya uwanja, akakaa chini polepole, kuku wakamzunguka wakila mkononi mwake. Tulidhani anacheza nao. Mama ndiye aliyeona midomo. Tulimwinua watu watatu, na si kwamba ni mzito, ni kwamba hakuweza kutusaidia hata kidogo. Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka naona sweta linatikisika.

Kliniki daktari amesema tuchome mbili kwa wiki. Nesi Orlando akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, una hakika sindano zote zinaingia mwilini mwake?" Foleni yote iligeuka. Palo Ralo nzima ilikuwa pale. Nilitamani nimvue Leonidas shati waone tumbo lilivyojaa alama, lakini alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikamwacha.

Naomba usiniulize tena. Kila Jumapili namchoma mume wangu dawa, na kila mwezi anazidi kuwa mweupe. Unadhani mimi silioni hilo? Mimi ndiye ninayelala naye.

Yadira


Heredia
29 Machi 2005

Yadira,

Leo sikuiti wifi.

Griselda, yule jirani yenu anayeuza nakatamali za unga wa mahindi, amefika huku kutafuta kazi. Amelala kwangu. Anasema aliingia kwako kuaga, na pale pembeni palipokuwa na friji langu pana gunia la mahindi. Nikamwambia hukuangalia vizuri. Akacheka. "Friji si sindano, dada, haliangukii chini ya kitanda."

Nimezisoma tena barua zako zote. "Ziko ndani ya friji lile lile ulilotuletea." Mkono wako huo. Friji gani, Yadira? Liko wapi? Na kama friji umeliuza, sindano nazo umemuuzia nani? Griselda anasema Chinandega mjini kuna watu wanazinunua bila kuuliza jina. Sasa naelewa kwa nini damu inashuka. Nesi aliona, foleni iliona, mimi tu ndiye niliyekuwa mjinga wenu.

Nilikupenda. Mama aliposema umri wako mdogo, nilikutetea. Umemchoma ndugu yangu maji.

Mzee Chepe leo anakuja mikono mitupu, na ataendelea kuja hivyo. Nikipata ruhusa mwezi wa saba nakuja kumchukua Leonidas. Wewe baki na gunia lako.

Auxiliadora


Palo Ralo
8 Aprili 2005

Dada yangu,

Ni mimi, Leonidas. Barua hii nimeiandika siku mbili, maana mkono unachoka kabla ya sentensi. Ukiona mwandiko unateremka, ujue hapo nilipumzika.

Yadira alisoma barua yako mlangoni. Aliikunja, akaiweka chini ya sanamu ya Bikira, akaenda kutwanga mahindi ambayo yalikuwa yameshatwangwa. Nilipoisoma nami ndipo nikajua kwamba ukimya wangu ndio umemtia aibu hiyo.

Friji nililitoa mimi. Baada ya mazishi ya Rufino nilikwenda kumwona Melba, mjane wake. Alikuwa amekaa na watoto watatu, hajui aanzie wapi. Zamani alikuwa anauza sorbete, ile aiskrimu ya ndoo ya kuzungusha kwenye barafu na chumvi, lakini mikono sasa haiwezi. Nikamtazama, nikamwona Yadira mwakani. Usidhani nilikuwa mkarimu, dada. Nilikuwa naogopa. Nikafikiri nikimsaidia huyu, labda siku yetu ikifika kuna mtu atakumbuka. Nikamwita Wilmer wa jirani na mkokoteni wake, tukalipeleka. Sasa anauza barafu za vifuko, za embe na tamarindi, na wale wa kiwandani wanazinunua wakitoka shambani. Nilimwambia Yadira, "Dada asijue, atanikata masikio." Yadira alitaka kukuandikia mara mbili. Nilimkatalia mara mbili.

Kwa hiyo hakukudanganya. Sindano ziko ndani ya friji lako, kwa Melba, milango minne kutoka kwetu. Na hakuna mfalme anayetunzwa kama zinavyotunzwa zile! Melba amezipa nafasi ya juu kabisa, kule kwenye kugandishia, zimelala katikati ya barafu yenyewe. Barafu zake za biashara amezisogeza pembeni, na siku nyingine hazigandi vizuri, lakini hataki kusikia. "Za Leonidas kwanza," anasema, "hata za Rufino wangu nilikuwa nazizika kwenye ndoo ya barafu na chumvi, zikitoka huko unazigonga mezani kama jiwe." Siku ya sindano Yadira anaifuata moja, anakuja nayo ngumu kama msumari, anaikumbatia kwapani akisali rozari mpaka iyeyuke, ndipo ananichoma. Nimemwambia kwapa lake ndilo linalonipa nafuu.

Sindano zimebaki mbili. Sikuombi nyingine. Nakuomba umwombe radhi mke wangu. Mimi nimekonda, nimechoka, nasikia baridi mwezi wa nne, wenye joto kuliko yote, lakini hiyo barua chini ya Bikira ndiyo inayoniuma zaidi.

Mdogo wako,
Leonidas


Heredia
15 Aprili 2005

Wifi, ikiwa bado utakubali nikuite hivyo,

Soma barua hii hadi mwisho kabla hujaitupa motoni.

Nilipofika pale Leonidas alipoandika "ngumu kama msumari", nilivua aproni, nikamwacha bosi na nguo zake ndani ya maji, nikakimbia duka la dawa. Mfamasia alinisomea yaliyoandikwa kwenye kisanduku, maandishi madogo ambayo sikuwahi kuyatazama. Dawa hii inataka ubaridi, haitaki kuganda. Ikiganda imekwisha, sawa na iliyochemka. Hata ukiiyeyusha, hata ukiisalia rozari, ni maji. "Hukuwaeleza?" akaniuliza. Nikamwambia nimewaeleza. Nimewaandikia baridi, baridi, usinifanyie mchezo. Hivyo ndivyo nilivyowaeleza.

Kwa hiyo ni kweli umemchoma maji, Yadira, na aliyekuagiza ni mimi. Kila Jumapili ulifanya sawasawa na nilivyosema. Na nilipoona hayaponyi, nikakuita mwizi. Mtu wa kwetu anayeishi kwenye joto lile, akiambiwa kitu kinataka baridi, atakipeleka wapi kama si kwenye barafu? Ningefanya vivyo hivyo. Melba alikipa kitu hicho mahali pazuri kuliko pote alipokuwa napo.

Mzee Chepe anakuja na visanduku viwili. Usivipeleke juu. Viweke chini kabisa ya friji, kwenye lile droo la mboga, mbali na ukuta wa nyuma, visiguse barafu. Zile mbili zilizobaki zitupe. Ukienda kuchukua, sindano iwe baridi mkononi lakini maji yake yacheze ukiitikisa.

Sasa jambo jingine, na hili siwezi kulibeba peke yangu. Nilirudi nyumbani nikaisoma tena ile sehemu ya Rufino. Ndoo ya barafu na chumvi. Unajua chumvi inavyoizidishia barafu baridi, ndiyo maana sorbete inaganda. Nilijifungia chooni nikalia mpaka bosi akagonga. Maskini Melba. Naye nilimwita mumewe mlevi.

Sijui kama aambiwe. Kuna wajane wengine huko, kuna wagonjwa wengine, wanapaswa kujua kuhusu barafu. Lakini yeye? Wewe ndiye unayemtazama usoni kila siku. Ukisema aambiwe, nitamwandikia mimi mwenyewe. Ukisema hapana, barua hii ichome.

Nisamehe. Sijui kuandika neno hilo vizuri, kwetu hatukulelewa nalo.

Auxiliadora


Palo Ralo
22 Mei 2005

Wifi,

Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Sikutaka kukuandikia kabla ya kujua nakuandikia nini, na pia, nikuambie ukweli, nilitaka usubiri kidogo. Nawe ulinifanya nisubiri.

Barua yako ya mwezi wa tatu bado iko chini ya Bikira. Sijaichoma. Siku nikiweza kuipita bila kuitazama, nitaichoma. Ile ya mwezi wa nne nimeichoma siku ile ile, majivu nikayamwaga kwenye bitiruti za mama.

Nilikwenda kwa nesi Orlando nikamweleza habari ya barafu, bila kutaja nyumba ya mtu. Alishika kichwa. Sasa anamwambia kila anayechukua sindano: baridi ya mboga, si baridi ya barafu. Ameniomba radhi, tena mbele ya foleni, nilimlazimisha.

Kisha nikaenda kwa Bi Melba. Njiani nilikuwa nimejiapiza kwamba nitamweleza yote. Nikamkuta amevaa gauni la nyumbani, anafunga vifuko vya tamarindi kwa meno, na picha ya Rufino juu ya friji letu imewekewa ua bichi. Nikamwambia hizi sindano zimebadilishwa, za sasa ni mpya, zinataka kukaa chini kwenye mboga. Alinuna, wifi. Akasema, "Chini? Pamoja na vitunguu? Kwa hiyo mmeona mahali pangu hapafai." Nikamwambia hapana, kiwanda cha dawa ndicho kilichobadilisha. Alipangusa droo kwa siki mara mbili, akatandika kitambaa cha meza, akaziweka humo. Akafunga friji. Akabaki ameshika mlango.

"Yadira," akasema, "na zile za Rufino? Zile zilikuwa za zamani?"

"Za zamani," nikamwambia.

"Zile zilitaka barafu."

"Ndiyo, Bi Melba. Zile zilitaka barafu."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Kisha akanipa vifuko viwili vya embe nikawapelekee watoto. Nilifika nyumbani vimeyeyuka vyote, maana nilikaa chini ya ukuta wa Wilmer, sikuweza kuendelea.

Sijui kama nilifanya sawa. Kila siku najibu swali hilo tofauti. Lakini ulisema niamue mimi, na nimeamua, kwa hiyo wewe na mimi na Leonidas tutakufa na siri hii. Ukija, ukaingia kwake, usije ukamkumbatia kwa namna ya kumwonea huruma. Mnunulie barafu kama wateja wengine.

Habari za ndugu yako. Damu ilipanda ikawa saba, sasa ni nane na nusu. Daktari ametuonya tusifanye sherehe, figo zenyewe hazirudi, na siku ya mashine ya kusafisha damu itafika. Najua. Mama pia anajua, ingawa anasema ni bitiruti ndiyo imefanya kazi, na tumemwachia ushindi wake.

Lakini jana, wifi. Mvua ilinyesha asubuhi ikaacha, jua likatoka, ile hali ambayo hata mbwa hawataki kubweka. Leonidas alikuwa amekaa mlangoni na sweta lake. Nikamwona anashika ukosi, anavuta, anavuta tena. Akalivua. Akalitupa kwenye kiti, akasema kwa sauti ya hasira kabisa, "Jamani, joto gani hili?"

Mama aliangusha ungo. Mimi nilisimama na kijiko mkononi, sijui nicheke au nilie, nikafanya vyote. Miezi mingapi sikumsikia akilalamika joto! Akainuka mwenyewe, akatembea hadi kwa Bi Melba, milango minne, alipumzika mara moja tu kwa Wilmer. Nilimfuata kwa nyuma bila kumgusa.

Bi Melba alipomwona hana sweta alipiga kelele hadi majirani wakatoka. Alimchagulia kifuko cha tamarindi kilichoganda vizuri kuliko vyote, akakikata ncha, akamwekea mkononi, akasimama akimtazama anavyokinyonya. Alikuwa anafurahi kweli, machozi yanamtoka. "Kumbe hizi mpya ni dawa hasa," akasema. "Laiti Rufino wangu naye angezipata hizi mpya."

Leonidas aliacha kunyonya. Barafu ilikuwa inamdondokea kwenye kiganja na hakuipangusa.

"Laiti, Bi Melba," akamwambia.

Wifi yako,
Yadira